Ndizi za Nazi Kabla ya Saa Sita

Nyonga ya Bi Champa ilivunjika, lakini mdomo ulibaki mzima.

"Umechelewa," akaniambia kabla sijavua koti. Alikuwa amelala chali katika wodi ya ghorofa ya nne, mto chini ya magoti, nywele zake nyeupe zimesukwa msuko mmoja ulioshukia begani. "Keti hapo. Toa daftari. Andika."

"Nimetoka kazini moja kwa moja, Bi Champa. Hata hujaniuliza habari."

"Habari ntakuuliza ukishaandika. Wali wa nazi. Mchuzi wa dengu. Mchicha. Biringani. Na ndizi mbivu za nazi, za iliki. Hizo ndizi ndizo zenyewe. Hivyo vingine vya kujaza meza tu."

Nikaandika yote katika daftari langu la hesabu, chini ya zoezi la wiki iliyopita, bila kujua ninaandika ya nini.

Hesabu ndiyo iliyotukutanisha. Mimi naitwa Serah, kwetu ni Wundanyi, katika vilima vya Taita, na shule niliiacha darasa la sita. Nilikuja London mwaka 1999 kulea wazee wa watu, na kazi hiyo ninaifanya hadi leo. Nilipofikisha miaka arobaini na tisa nikajiandikisha darasa la jioni katika chuo kimoja karibu na Holborn, Jumanne na Alhamisi. Jioni ya kwanza mwalimu alitugawia jaribio, na nilipoziona zile sehemu, namba moja imekaa juu ya kichwa cha nyingine, niliinamisha uso nikanong'ona, "Ee Baba, nisaidie, hizi mimi sizijui."

"Amina," ikasema sauti ya pembeni. "Na miye pia umwambie."

Nikageuka. Alikuwa mwanamke mzee wa Kiasia, mwembamba, amevaa sari ya buluu na juu yake sweta la kiume. Wazazi wake walikuwa watu wa Ceylon, Sri Lanka ya leo, Wabudha, lakini yeye alizaliwa Unguja, Shangani, baba yake sonara. Familia iliondoka mwaka 1964, mwaka wa Mapinduzi, yeye akiwa msichana wa miaka ishirini na sita, na baada ya kuhangaika huku na huko wakafika London. Sasa alikaa Kenton peke yake. Mume alishafariki, na mwanawe wa pekee yuko Kanada. Nilipomuuliza mtu wa umri wake anatafuta nini darasani, alisema anataka cheti kimoja cha kutundika jikoni kabla hajafa.

Ni yeye aliyenifundisha sehemu, si mwalimu. Alivua bangili yake akaiweka juu ya meza. "Tazama. Dhahabu safi ni karati ishirini na nne. Hii ni ya ishirini na mbili. Kwa hivyo ni ishirini na mbili juu ya ishirini na nne. Mbili zilizobaki ni shaba. Umefahamu?" Nikafahamu. Miaka arobaini sikuwahi kufahamu, na siku ile nikafahamu kwa bangili. Nilipofika nyumbani nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwa ajili yake, na tangu hapo jina la Champa halikutoka katika maombi yangu.

Sasa alikuwa ameanguka kwenye ngazi za mlango wake, na mimi nilikuwa nimekaa kando ya kitanda na orodha ya vyakula mkononi.

"Haya, nimeandika," nikasema. "Nani anakula?"

"Watawa. Jumamosi hii. Kuna hekalu letu dogo kule mjini kati, nyuma ya soko la nyama. Watawa watatu wanakaa pale." Akalainisha shuka kwa kiganja. "Sikiliza, mwanangu. Mama yangu, Kusumawathi, alikufa Februari sitini na nne, wiki sita baada ya Mapinduzi. Sisi mtu akifa, siku ya saba tunawalisha watawa, na thawabu ya chakula kile tunampa marehemu. Ndiyo riziki yake huko aliko. Sasa watawa walikuwa Dar es Salaam, na siku zile kuvuka kulitaka kibali, na baba alikuwa haogopi kitu duniani lakini siku zile aliogopa. Siku ya saba ikapita. Mama yangu kenda zake na njaa."

Nikaushika mkono wake.

"Tangu hapo kila mwaka, tarehe ile, nawalisha. Miaka arobaini na mitatu sijakosa. Nimekwenda na homa. Nimekwenda na mimba ya miezi tisa. Huu ni wa arobaini na nne, na nimelala hapa kama gunia. Mwanangu yuko Toronto, hata wali hajui. Nitamtuma nani?"

"Bi Champa," nikasema polepole, "mimi ni mtu wa kanisa. Siwezi kusujudia sanamu."

"Nani kakwambia usujudu? Nimekwambia upeleke chakula." Akanitazama kwa jicho moja, kama alivyokuwa akitazama hesabu zangu. "Na jambo moja ulishike. Watawa wetu hawali baada ya saa sita mchana. Hata punje. Lazima wawe wamekula kabla ya saa sita. Umeandika?"

Nikaandika: KABLA YA SAA SITA. Nikaipigia mstari mara mbili.

Siku tatu niliomba juu ya jambo hilo. Niliomba alfajiri, niliomba ndani ya basi, niliomba nikimwogesha mzee wangu wa zamu ya mchana. Nilimuuliza Mungu kama ninakosea. Sikusikia sauti, wala sikuota ndoto. Kila nilipofumba macho nilimwona tu mama mmoja nisiyemjua, amekaa mahali, anangoja sahani. Mtu wa namna hiyo kwetu hatuulizi anasali wapi. Ijumaa jioni nikaenda Wembley, barabara ya maduka ya Wahindi, nikachagua ndizi zilizoiva hadi madoa meusi, nikanunua nazi mbili na iliki ambayo bado ilikuwa kwenye maganda yake.

Jumamosi niliamka saa kumi alfajiri. Nilikuna nazi, nikachuja tui zito na tui jepesi. Ndizi nilizipika mwisho, kwa moto mdogo, hadi tui likashikana na harufu ya iliki ikafika kwenye ngazi za jengo zima. Nilifunga kila sufuria kwa kitambaa, nikapanga yote ndani ya toroli la sokoni, na saa nne nilikuwa ndani ya treni kutoka Wembley Park. Haikunibidi kubadilisha. Nilishuka Farringdon nikamshukuru Mungu kwa lifti inayofanya kazi.

Sehemu ile ya London ni kongwe. Mitaa imepinda kama mtu aliyekuwa akitafuta kitu alichokiangusha. Nyuma ya soko niliuona uchochoro ambao toroli langu lilipita kwa shida, na kati ya duka la fundi viatu na mkahawa uliofungwa kulikuwa na mlango mwekundu usio na kibao, ila karatasi ndogo iliyobandikwa kwa ndani ya kioo. Ningeweza kuupita mara mia. Nikabonyeza kengele.

Alifungua mwanamume wa Kihindi wa miaka sitini hivi, miwani juu ya kipaji, aproni kiunoni.

"Mama Serah? Karibu, karibu! Mimi naitwa Hemant. Anti Champa amenipigia simu mara nne tangu asubuhi."

"Unasema Kiswahili!"

"Nimezaliwa Nairobi, mama, Ngara. Nitasahau vipi? Lete hiyo sufuria. Ai! Umepikia watawa ama umepikia jeshi?"

Tulipandisha vyombo kwa ngazi za mbao zilizolia kila hatua. Zamani, Hemant aliniambia, ghorofa ile ilikuwa karakana ya kujalidi vitabu, na bado alama za mashine zilionekana sakafuni. Juu nilivua viatu, nikamkumbuka Musa, nikaingia.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kitu cha kutisha. Kilikuwa chumba cheupe, kirefu, chenye mikeka. Sanamu ilikuwepo mwisho wa chumba, si kubwa, na mbele yake kulikuwa na maua ya dukani na bakuli la maji. Ilikuwa imefumba macho nusu. Sikuisujudia, na hakuna aliyenitazama kuona kama ninasujudu. Wazee watano, wanawake watatu na wanaume wawili, walikuwa wameketi kimya nyuma. Ukutani, juu ya mlango, kulikuwa na saa kubwa ya duara kama zile za vituo vya treni. Ilisema saa tano na dakika kumi. Nikapumua. Nilikuwa na muda tele.

Watawa watatu waliingia, kanzu zao rangi ya manjano ya bizari, bega moja wazi ingawa ilikuwa Februari. Wawili walikuwa vijana. Wa tatu alikuwa mzee mfupi, masikio makubwa, na Hemant akaninong'oneza kwamba yeye nimwite Bhante, kama vile mimi ningemwita kasisi Padri. Waliketi chini kwa mstari. Waliimba dua zao kwa sauti moja, sauti ya chini ambayo niliisikia zaidi kifuani kuliko masikioni. Kisha Hemant akanionyesha cha kufanya. Kila chombo nikishike kwa mikono miwili, nimkabidhi Bhante mkononi, kwa sababu mtawa hali kitu asichokabidhiwa. Nikafanya hivyo. Wali, dengu, mchicha, biringani. Ndizi nilizikabidhi mwisho, na Bhante alipoinama kunusa mvuke wake alitabasamu.

Akasema nami kwa Kiingereza, taratibu. "Wewe ni rafiki wa Champa. Ameniambia unaomba sana."

"Ndiyo, Bhante."

"Basi leo ni siku ya mama yake. Kabla hatujala, ungependa kumwombea kwa njia ya kwenu?"

Ndugu msomaji, mimi sikutegemea. Siku tatu nilikuwa na hofu kwamba watanitaka nifanye mambo ya kwao, na huyu mzee ananikaribisha nifanye ya kwangu. Moyo ulijaa. Niliitazama saa. Saa tano na dakika thelathini na mbili. Nikafumba macho.

Sasa lazima nieleze jambo. Kanisani kwetu, katika ukumbi wa shule tunaoukodi pale Wembley, mtu akipewa maombi haombi kwa haraka. Unaanza kwa kushukuru, unatubu, unawakumbuka wagonjwa, wasafiri, wajane, wafungwa, wenye mamlaka, na walioko nyumbani. Ukisahau kundi moja mtu atakuja kukuuliza. Na mimi hata kwa kipimo cha kanisa letu ninajulikana. Mzee Zephaniah, anayesimamia meza ya chakula, husema: "Dada Serah akipewa kuombea chakula, rudisheni sufuria jikoni." Watu hucheka, nami hucheka. Lakini hakuna ambaye angethubutu kumkata mtu katikati ya maombi.

Nilianza kwa Kiingereza, ili watawa waelewe. Nilimshukuru Mungu kwa asubuhi ile, kwa treni, kwa mikono iliyokuna nazi. Nilipofika kwa Bi Champa, Kiingereza kikaniishia, nikaingia Kiswahili. Niliombea nyonga yake, madaktari, wauguzi wa zamu zote. Niliwaombea hao watawa walio mbali na mama zao. Niliiombea Unguja, na waliokufa mwaka ule na waliokimbia, wa kila upande. Nilisikia mtu anakohoa, nikasema moyoni, ameguswa. Nikaendelea. Nikamwombea mama mwenyewe, Kusumawathi, kwa jina lake, kwamba popote alipo asikae na njaa, na kwamba ajue binti yake hakumsahau. Nikamshukuru kwa kumzaa Champa, aliyenifundisha sehemu kwa bangili wakati walimu wote walishindwa. Nikasikia sahani ikigongwa kidogo. Nikawakumbuka wajane, na wafungwa, na wenye mamlaka.

"Amina," nikasema, na kufumbua macho, uso umelowa machozi, moyo mwepesi kama pamba.

Hakuna aliyekuwa anatabasamu ila Bhante. Hemant alikuwa amesimama karibu na meza, mkono kinywani. Wazee watano wote walikuwa wanatazama juu ya mlango. Nikageuka.

Saa sita kasoro dakika nne.

Kile nilichokipigia mstari mara mbili kilinirudia wakati huo. "Kuleni," nikasema kwa Kiswahili, kana kwamba wangenielewa. "Tafadhali, kuleni!"

Bhante hakuharakisha. Aliusogeza wali kando. Alisogeza dengu, mchicha na biringani. Akavuta bakuli la ndizi mbele yake, akachota kijiko kimoja, akawapakulia wale vijana kila mmoja kijiko chake, kisha akala. Alitafuna kama mtu mwenye siku nzima. Watawa vijana nao wakala. Wakachota mara ya pili. Alikuwa anainua cha tatu wakati kengele ya kanisa la jirani ilipoanza kupiga. Bhante akakirudisha kijiko bakulini, taratibu, akafuta vidole.

Kengele ilipiga hadi pigo la kumi na mbili.

"Hawawezi tena?" nikamuuliza Hemant.

"Hawawezi, mama."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka kesho, mwanga ukitoka." Akanionea huruma. "Nilikohoa, mama. Nikakohoa tena. Nikagonga sahani. Nikataka kukugusa bega, Bhante akaniinulia kidole, hivi. Akanikataza."

Nikamwendea yule mzee, nikapiga magoti mbele yake. Hapo sikufikiria sanamu wala nini. Nilikuwa mtu aliyewakosea watu. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kibovu kwamba nimewanyima chakula, na nimevunja ahadi ya mgonjwa, ahadi ya miaka arobaini na minne.

"Tulipokea kabla ya saa sita," akasema. "Tulikula kabla ya saa sita. Ahadi haikuvunjika."

"Vijiko viwili, Bhante!"

"Vya ndizi. Champa huniambia kila mwaka, hivyo vingine ni vya kujaza meza." Macho yake yalicheka. "Sikuelewa maneno yako mengi. Lakini nilisikia jina la Kusumawathi mara saba. Nilihesabu. Mtu anapomtaja marehemu wa rafiki yake hivyo, mimi ni nani nimkate kwa sababu ya tumbo langu?"

Kisha akanipa birika dogo la shaba na kikombe kilichokaa ndani ya sinia. Wao wakaanza kuimba, nami nikamimina maji kwenye kikombe polepole, kama Hemant alivyonielekeza, hadi kikajaa, hadi yakamwagika pande zote na kutandaa siniani. Hivyo ndivyo thawabu inavyokabidhiwa marehemu. Nilimimina hadi tone la mwisho.

Chakula kilichobaki, watawa hawaruhusiwi kukiweka hadi kesho. Wale wazee watano walikila pale pale, wakakisifu, na bibi mmoja akaomba nimweleze tui. Mimi sikugusa kitu. Nilisema moyoni, wale watatu watalala na njaa yangu mimi. Basi nami nitalala nayo.

Safari ya kwenda hospitalini ilikuwa fupi kuliko nilivyotaka. Nilikuwa nimepanga maneno. Bhante mwenyewe kasema ahadi haikuvunjika, kwa hiyo ningeweza kusema walikula, nikanyamaza, na nisingekuwa nimesema uongo.

Bi Champa alikuwa ameinuliwa, ameegemea mito, amejipaka poda. Alikuwa amenisubiri kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

"Walikula?"

"Walikula."

"Kabla ya saa sita?"

"Kabla ya saa sita."

Akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. "Wali haukushikana?"

"Wali ulikuwa mzuri."

"Nani kasema mzuri? Bhante?"

Ningeweza kuitika kwa kichwa. Lakini niliona ile bangili mkononi mwake, na sikuweza. "Bi Champa, wali hawakuula."

Macho yakafunguka. Nikamweleza yote, kuanzia kukaribishwa hadi kengele. Sikujitetea. Nilipofika kwenye vijiko viwili sauti ilinikatika, nikainama nikatazama viatu vyangu.

Mgonjwa wa kitanda cha pili alizima redio yake, nadhani ili atusikie vizuri.

"Uliomba nini?" Bi Champa akauliza mwishowe.

"Mengi."

"Mama yangu. Mama yangu ulimwombea nini?"

Nikamwambia. Asikae na njaa. Ajue hakusahauliwa. Na kwamba nilimshukuru kwa kukuzaa wewe.

"Ulisema hivyo? Kwa Kiswahili?"

"Kiingereza kilikuwa kimeniishia."

Akageuzia uso dirishani. "Mama alikuwa akisema Kiswahili siku nzima," akasema. "Na majirani, na muuza samaki, na miye. Kisinhala kilikuwa cha baba na cha sala. Na miaka yote hii nampelekea chakula, nampelekea chakula, kama mtu anayelipa kosa. Sijapata kumwambia asante. Hata mara moja. Haikunijia." Akajifuta macho kwa ncha ya shuka, akaipaka poda. "Anakuja mtu wa bara, Mkristo, anamwambia yeye."

"Nisamehe, Bi Champa."

"Dakika ngapi ulisema?"

"Nini?"

"Hayo maombi. Dakika ngapi?"

"Ishirini na nne."

Kwanza mabega yakatikisika, nikadhani analia. Kisha nikasikia. Alikuwa anacheka, huku ameshika nyonga kwa maumivu. "Ishirini na nne! Yallah, mwanangu, hiyo haina shaba hata kidogo!" Nikacheka nami, huku machozi yananitoka, na muuguzi akaja kutazama kuna nini, naye akaanza kucheka bila kujua sababu.

Alipotulia alininyooshea kidole. "Lakini weye umewalaza njaa watawa watatu. Kesho asubuhi wanafungua kinywa saa moja na nusu. Utawapelekea uji. Na ukifumba macho, Hemant ataniambia."

Jumapili nilipanda treni ya kwanza. Uji wa wimbi ulikuwa ndani ya sufuria kubwa niliyoifunga kwa blanketi na kuilaza kwenye toroli kama mtoto. Nje bado kulikuwa na giza kidogo, na nilipofika uchochoroni mwanga ulikuwa umeanza kuonekana juu ya paa za soko. Tumbo langu lilikuwa tupu tangu jana, na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Nilikuwa nimeshukuru njia nzima: kwa ngazi zilizomwangusha Bi Champa bila kumuua, kwa darasa la jioni, kwa mzee mwenye masikio makubwa, kwa kidole alichomwinulia Hemant.

Niliwakabidhi bakuli moja moja, kwa mikono miwili. Hemant alikuwa amesimama chini ya saa, amekunja mikono kama askari.

"Serah," akasema Bhante, na nikaona kona ya mdomo wake ikicheza, "utatuombea?"

"Bhante!" akasema Hemant.

Nikabaki nimefumbua macho. Niliwatazama wote watatu, na kiti kimoja kitupu nyuma, ambacho Hemant aliniambia Bi Champa hukalia kila mwaka.

"Asante, Mungu, kwa watu hawa na kwa mama Kusumawathi. Amina."

"Amina," akasema mtawa mdogo kuliko wote, na wenzake wakacheka.

Wakainua vijiko. Uji ulikuwa bado unatoa mvuke.